Pua ya Kwanza ya Bibi Verediana

Watu wa Buzebazeba watakuambia kwamba Bibi Verediana aliuawa na tumbaku yake mwenyewe. Waambie wamekosea, na wakibisha waambie Stephania fundi cherehani ndiye aliyesema. Nimekaa mbele ya baraza lake miaka kumi na minne, katikati yetu njia ya kupita pikipiki moja tu, na mimi ndiye niliyemsomea ile chupa. Hilo la kusoma bado linanikosesha usingizi, na nitalisema likifika zamu yake.

Kazi yake ilikuwa tumbaku ya maji. Siku hizi hata humu Ujiji wapo vijana wasioijua, wakiona wazee wakiivuta hudhani wanaugua mafua. Unaloweka majani makavu ya tumbaku kwenye chungu, unayakamua kwa kitambaa, na maji yanayotoka ni meusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Mzee anajaza kiganja, anavuta kwa pua, kisha anajibana pua kwa kibanio kidogo cha chuma ili yasitoke upesi. Hapo anatulia, machozi yanamlengalenga, na akizungumza sauti inatoka imebanwa. Jioni ungekuta watano sita kwenye benchi la Bibi Vere, wote wamejibana pua, wanabishana habari za dagaa kwa sauti za bata. Nimecheka sana pale, siwezi kusema uongo.

Mwenyewe aliiita itabi, kama walivyosema kwao Mwamgongo, na alikuwa mkali nayo kuliko mgambo wa soko. Huna mvi, hupati. Kijana akijitia ukubwa alivuliwa kofia kwanza, akakaguliwa kichwa kama mtoto mwenye chawa, akarudishwa kwao. Mjamzito hakuruhusiwa hata kukaa upande unaopeleka harufu. Hakuna kubeba nyumbani. Unavutia pale pale bibi akikuona, ukizidiwa anakupa uji na kukusema mpaka uone aibu. Sisemi itabi ni kitu kizuri. Nimewaona wazee wakitokwa damu puani, na yeye mwenyewe aliwaambia wapunguze.

Juu ya yote hayo lilikuwapo lile la pua ya kwanza. Kila chungu kipya kilipokamuliwa, Bibi Vere alijaza kiganja chake mbele ya wateja, akavuta, akajibana, akafumba macho. Mimi ng'ambo ya njia nilikuwa napima: ulikuwa muda wa kushona pindo la sketi moja, kuzunguka mpaka kurudi ulipoanzia. Alipofumbua macho na kusema "Ego," yaani ndiyo, hapo ndipo wazee waliponyoosha viganja. Hakuna aliyewahi kuvuta kabla yake. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia.

"Anayetengeneza kitu cha kuingia mwilini mwa mtu," aliniambia, "aanze na mwili wake. Yeye akiogopa, basi na mimi niogope."

Nilimtania kwamba serikali ingemwajiri yeye badala ya mashine za kupimia. Alikuwa na miaka sitini na minane, na alicheka mpaka akashika magoti.

Mambo yaliharibika kutokea pande mbili, nami nikawa naangalia sindano yangu.

Upande wa kwanza ulikuwa mikononi mwangu. Wasichana wa sekondari walianza kuniletea sketi za sare wakitaka mfuko mwembamba ndani ya mkanda, urefu wa kidole cha kati. "Wa kalamu, anti." Nikashona. Nilishona mifuko kama thelathini, tena nikawa najisifu kwa majirani kwamba watoto wa siku hizi wanapenda kusoma. Siku moja mmoja wao, Diana, akasahau kalamu yake ndani ya sketi niliyokuwa napunguza kiuno. Ilikuwa ya plastiki, zambarau, haina wino, ina tundu mwishoni, na inanukia embe. Kwa ujinga wangu nikaivuta. Taa ndogo ikawaka, koo likaniwasha, moyo ukanienda mbio mpaka nikakaa chini kwenye vipande vya vitambaa. Hivyo ndivyo nilivyoijua sigara ya mvuke, na hivyo ndivyo nilivyojua nilichokuwa nakishonea mifuko.

Zilikuwa zikiuzwa na Bariki, mtoto wa marehemu mdogo wake Bibi Vere, dukani kwake, katikati ya chaja na kava za simu. Natamani niseme Bariki ni mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Lakini ndiye aliyeezeka upya lile baraza, na ndiye aliyempeleka mama yake mkubwa kupimwa macho. Mzigo ulimfikia kwa boti kutoka ng'ambo ya ziwa. Nani aliyeutengeneza, hakujua. Nilimfuata dukani na kile kidude mkononi.

"Anti Stephania, hii siyo sigara," akaniambia. "Haina moshi. Watu wazima wanaachia sigara kwa hii."

"Diana ana miaka kumi na mitano. Aliacha sigara lini?"

Akapangusa kioo cha kabati ambacho hakikuwa na vumbi. Akasema hajui nani anamnunulia Diana, na hajaambiwa popote aulize watu umri. Akasema akiacha kuuza yeye, zitashushwa mwaloni kwa wavuvi, ndani ya matenga ya samaki, na huko hakutakuwa na duka la mtu kwenda kulalamika. Hilo la mwisho nilirudi nalo nyumbani, na hata leo ninalo.

Upande wa pili lilikuwa ziwa. Mnakumbuka lilivyopanda. Shamba la tumbaku la Bibi Vere lilikuwa Mwamgongo, chini kabisa ufukweni, akililima kaka yake Gervasi, na majani yalikuja kwa boti yamefungwa kwenye viroba. Maji yakala tuta la kwanza, yakala la pili, wakasema yatasimama, hayakusimama. Mwishowe Gervasi akatuma ujumbe kwamba mahali palipokuwa na shamba sasa watu wanatega nyavu. Msimu ule halikuja hata jani moja.

Bibi alikamua yale ya mwisho, akayakamua tena, maji yakatoka rangi ya mkojo. Wazee waliendelea kuja kwa mazoea, wakikaa na vibanio mikononi bila cha kubania. Mzee Nehemia, fundi wa kuunda boti enzi zake, mikono ilianza kumtetemeka, na akawa anagombana hata na mkongojo wake.

Ndipo Bariki alipomletea mama yake mkubwa zawadi. Chupa ndogo ya plastiki, ndani kimiminika kisicho na rangi, na kwenye lebo picha nzuri ya jani la tumbaku.

"Mama mkubwa, hii ni tumbaku iliyokwisha kukamuliwa huko huko. Sisi tunaichanganya, ndiyo tunajazia zile za mvuke. Pumzika na chungu, magoti yako yamechoka."

"Mnaichanganya na nini? Kiasi gani?"

"Na mafuta yake. Kiasi..." Bariki akajikuna shingo. "Nakadiria kwa macho."

Alipoondoka, bibi akavuka njia, akaniwekea chupa juu ya cherehani. "Mwanangu, wewe ulifika kidato cha pili. Nisomee."

Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, nusu Kichina nusu Kiingereza. Miwani yangu ilikuwa imevunjika mguu, nimeifunga kwa uzi. Nikahangaika, nikaona neno moja ninalolijua, na namba kubwa pembeni yake. "Imeandikwa nikotini," nikamwambia. "Ndiyo ile ile iliyomo kwenye tumbaku."

Nilisema kweli, na ndiyo maana inauma. Ile namba sikuitaja kwa sababu sikujua inapima nini, na nilikuwa nimekwisha kusifiwa kwamba nimesoma. Niliona aibu kusema sijui.

Chupa ikakaa kwenye rafu ya barazani siku nane bila kufunguliwa. Siku ya tisa kifuniko kikavuja tone moja. Sasa, wenye kazi ya itabi wana kipimo chao: wanadondosha tone kwenye njia ya sisimizi. Sisimizi wakilikwepa tu, itabi haijaiva. Wakilewa na kupepesuka, imeiva, kamua. Bibi Vere akaniita nikaangalie. Mstari wa sisimizi ulikuwa umelala wote, tangu kwenye tone mpaka hatua mbili nyuma yake, kila mmoja mahali alipokuwa. Na huko walikotoka hawakuja wengine.

"Imeiva hii," akasema, lakini hakutabasamu.

"Imeiva au imezidi?"

"Sijui, Stephania. Sijaona hivi tangu nizaliwe."

Jua la saa sita lilikuwa likinichoma mgongo. Tukaamua kwenda kuuliza wanaolipwa kwa kujua.

Afisa afya wetu ni Oswald, kijana mpole, amevaa shati lililopigwa pasi. Alimpa bibi shikamoo na kiti, akaigeuza chupa, akaishika mbali na mwanga kisha karibu. Akafungua kitabu chake. "Humu kuna sigara," akasema akifuatisha kwa kidole. "Kuna kiko. Kuna ugoro. Kuna tumbaku ya kutafuna. Ya mvuke haimo, wala maji yake."

"Kwa hiyo imekatazwa?" bibi akauliza.

"Haijakatazwa."

"Imeruhusiwa?"

"Hapana, siwezi kusema imeruhusiwa. Tunasubiri maelekezo, Bibi."

Kusubiri ni kazi nzuri, ina kiti na feni. Nilitaka kusema hivyo, bibi akanigusa goti ninyamaze.

"Nataka kujua jambo moja tu," akasema. "Aliyeitengeneza aliivuta mbele ya nani?"

Oswald hakuelewa. Nikamweleza habari ya pua ya kwanza. Akacheka kwa heshima. "Huko viwandani wana maabara, Bibi."

"Mmewaona wakipima?"

"Hatujawaona."

"Mimi ningekuwa serikali," bibi akasema, "ningemwita mwenye chupa aje na boti yake. Nimpe benchi, nimpe kibanio, aanze yeye, na watoto wake wakiwa wamekaa hapo. Akikataa, chupa zirudi zilikotoka. Kuna ugumu gani?"

Oswald aliacha kucheka. Alisema, polepole, kwamba wakikaza sana vitu hivi vitapita kwa magendo na hawatajua nani anauza nini, na wakilegeza watoto watamalizika. "Na mkikaa tu?" bibi akamuuliza. Kijana akaandika jina la chupa kwenye kipande cha karatasi, akakibana chini ya simu yake. Tukaondoka.

Njiani bibi alisema ataimwaga chupa chooni. Naapa alisema. Ingemwagwa siku ile, leo ningekuwa namtania.

Asubuhi yake, Alhamisi, Mzee Nehemia akaja akitembea haraka kuliko umri wake. Alikaa kwenye benchi, akatoa kibanio, kisha akatoa mfukoni chupa kama ile ile. Alikuwa ameipata dukani kwa Bariki.

"Mwakeye, Vere," akamwamkia. "Leo simsubiri mtu."

"Kwenye benchi langu?"

"Basi nitaivutia nyumbani. Nimechoka kutetemeka kama kuku aliyenyeshewa."

Nilimwona bibi akiutazama ule mstari wa sisimizi ambao hakuna aliyeufagia. Nyumbani kwa Nehemia hakuna mtu mchana. Mkewe alikwisha kufa, watoto wako ziwani na sokoni. Bibi alijua kwamba mzee akitoka pale na chupa yake, ataivuta peke yake, kiganja kizima, mlango umefungwa.

"Kaa," akamwambia. "Mimi kwanza."

Niliinuka mpaka kiti kikaanguka. "Bibi, acha! Ulisema utaimwaga!"

"Yangu ningemwaga. Ya kwake naimwaga vipi?" Alikuwa amekwisha kuchukua kikombe. "Stephania, miaka arobaini sijamwacha mzee aanze. Nianze leo, kwa hii?"

Akamimina kutoka kwenye chupa ya Nehemia, akachanganya nusu kwa nusu na maji, kama alivyozimua chungu kikali. Akajaza kiganja. Hakikuwa na rangi kabisa, ungedhani anataka kunawa uso. "Haina hata rangi ya kuogopa," akasema, akavuta, akajibana pua, akafumba macho.

Nikainua kiti, nikakaa, nikaanza pindo la sketi kama nilivyozoea, nikimwomba Mungu nifike mwisho. Sikufika hata mshono wa kwanza wa ubavuni. Nilisikia kibanio kikigonga sakafu.

Alikuwa amekaa vile vile, lakini mate yanamtoka na jasho limelowesha kitenge chote. Kisha akatapika, kisha mikono na miguu ikaanza kumruka. Nikapiga kelele, bajaji ikapatikana, Bariki akaja anakimbia na viatu viwili tofauti. Njia nzima alikuwa ameshika kichwa cha mama yake mkubwa, akisema, "Tapika mama, tapika yote, nisamehe, tapika." Kabla hatujafika kwenye kona ya hospitali mikono ya bibi ikaacha kuruka. Mimi mpumbavu nikafurahi, nikadhani amepata nafuu.

Hakusema ego.

Mzee Nehemia tulimkuta tuliporudi, bado yuko kwenye benchi, kiganja wazi. Ile chupa alikuwa ameitumbukiza chooni kwa mkono wake mwenyewe. Yu hai mpaka leo, anatetemeka, na hatazami upande wetu akipita.

Siku kumi baada ya mazishi serikali ilikuja. Sijapata kuona kata ikiwa na haraka namna ile. Oswald, mgambo wawili, na fomu. Walichukua vyungu, walichukua vitambaa vya kukamulia ambavyo mimi nilivikata, walichukua vibanio kumi na kimoja, na benchi wakalibeba kichwani. Tumbaku ya maji imepigwa marufuku katika kata yetu, kwa sababu imeua mtu. Kwenye fomu palikuwa na visanduku vya aina ya bidhaa: sigara, kiko, ugoro, tumbaku ya kutafuna. Oswald akatia alama kwenye ugoro.

Nilikuwa nimeificha chupa ya bibi ndani ya droo ya cherehani. Nikaitoa, nikamshikia mbele ya uso. "Na hii?"

Akaishika, akaigeuza. Macho yake yalikuwa mekundu, na nina hakika hakuwa amelala. "Haina kisanduku, Mama," akasema.

Naye si mtu mbaya. Nimechoka na watu wasio wabaya. Nikatia sahihi ya shahidi, maana walisema bila shahidi hawawezi kuondoka, na mimi nilitaka waondoke.

Bariki aliziondoa zote dukani siku ile ile ya msiba, akazichoma nyuma ya nyumba mpaka majirani wakakohoa. Hakurudi tena kwenye biashara hiyo. Mwezi haukuisha, maduka mawili ya kuziuza yakafunguliwa karibu na geti la shule, kona moja tu kutoka kwangu. Moja linauza pia madaftari, na lina fundi cherehani mlangoni.

Jana Diana alikuja na sketi mpya. Yuko kidato cha tatu sasa, amerefuka. Akaomba mfuko kama ule wa zamani, na ili nipate kipimo akaweka kalamu yake juu ya cherehani yangu, ya kijani safari hii, inanukia mnanaa.

"Diana," nikamuuliza, "hii nani ameivuta kwanza?"

"Kwanza kabla ya nani, anti?"

"Kabla yako."

Alifikiri. Ni mtoto mwenye adabu, alitaka kunipa jibu zuri. "Hakuna, anti. Ilikuwa kwenye pakiti yake, imefungwa kabisa. Mimi ndiye nilifungua." Alisema hivyo ili kunitoa wasiwasi.

Nikamsimulia yote, tangu chungu mpaka bajaji. Alisikiliza, akanipa pole, akaitazama ng'ambo ya njia, pale sakafuni penye alama nne za miguu ya benchi. Nikamrudishia sketi bila mfuko. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka kuelekea shuleni. Baada ya dakika chache, kutoka pale nilipokaa, nikasikia cherehani ya yule fundi mwingine ikianza kazi.